Mikoa, Wilaya, Shehia na Mashamba: Kuyaingiza Katika Kompyuta kwa Mara Moja



Wengi wenu mmetuuliza kwa nini afisi yataka tena jina la shamba, kijiji na shehia ya kila mtu, hali khabari hizo zimo madaftarini tangu zamani. Swali ni la haki, na jawabu lake ndilo hili.

Daftari letu la wanachama, miche na stakabadhi za karafuu sasa linahamishiwa katika programu ya kompyuta. Programu hiyo haiijui Pemba. Haijui kwamba Wete na Micheweni zimo Mkoa wa Kaskazini, na Chake Chake na Mkoani zimo Mkoa wa Kusini, wala kwamba chini ya wilaya iko shehia, kisha kijiji, kisha shamba. Yapasa iambiwe kila kitu, na iambiwe kipi ki chini ya kipi. Kuandika mahali pamoja pamoja, kwa kufungua ukurasa mpya kila mara, kungetuchukua mpaka msimu upite. Kwa hiyo tunaandika yote katika jedwali moja la Excel, kisha jedwali zima linaingizwa kwa mara moja.

Jedwali lenyewe ni jepesi. Kila mahali pana mstari wake, na kila mstari una safu nne: namba ya mahali, jina lake, daraja lake, na namba ya mahali palipo juu yake. Tuchukue Wawi. Mkoa wa Kusini Pemba tumeupa namba KP, na safu yake ya mwisho ni tupu, kwani juu yake hatukuweka kitu. Wilaya ya Chake Chake ni KP-CH, na juu yake ni KP. Shehia ya Wawi ni KP-CH-07, na juu yake ni KP-CH. Mkubwa humtangulia mdogo katika orodha, maana programu nyingi husoma kutoka juu kushuka chini, na zikikuta shehia ambayo wilaya yake haijatajwa bado, huukataa mstari huo.

Mtu aweza kusema: kwani jina halitoshi? Hapa ndipo penye shughuli. Mgogoni iko Micheweni, na Mgogoni nyengine iko Chake Chake. Kinyasini iko Wete na iko Unguja. Kizimbani vile vile. Tena iko shehia iitwayo Vitongoji, na wilaya iitwayo Mkoani, majina yaliyomfanya kijana anayetusaidia kuuliza kama hayo ni majina au ni madaraja. (Hatumlaumu.) Kompyuta ikipewa jina tupu, ama itakataa, ama itachukua Mgogoni ya kwanza iliyoiona. Hilo la pili ndilo baya zaidi, kwa kuwa halipigi kelele. Shamba la mtu wa Micheweni litakaa kimya chini ya Chake Chake, na siku ya kugawa miche kwa shehia, mwenyewe hayumo katika orodha ya kwao, na fungu lake limehesabiwa kwa wengine.

Ziko na hila ndogo ndogo. Namba 07 ikiandikwa peke yake, jedwali huila sufuri na kuacha 7. Ndiyo sababu mojawapo ya kutanguliza herufi. Nafasi tupu ikibaki mwisho wa jina, hupatikana Wawi mbili ambazo jicho halioni tofauti yake. Na ile alama katika Ng'ambwa huwa ya namna mbili, iliyonyooka na iliyopinda, na kompyuta huzihesabu mbali mbali.

Hatutaingiza yote kwa pupa. Nakala ya daftari la sasa itawekwa kando kwanza, kisha mistari kumi tu ya shehia moja itajaribiwa. Mistari elfu ikiingia vibaya, kuitoa si kazi nyepesi, khasa stakabadhi zikiwa zimekwisha kufungwa nayo. Shehia ikigawanywa baadaye, hatutaifuta ya zamani: tutaongeza mpya na kubadilisha namba ya juu ya vijiji vilivyohama, na mashamba yatavifuata vijiji vyao.

Mpaka shehia, afisi yaweza kuandika peke yake. Vijiji na mashamba mwayajua nyinyi. Shamba moja laweza kuwa na majina matatu: la mwenyewe, la aliyelipanda, na la wachumaji. Twataka lile lililo katika stakabadhi zako. Na shamba linalovuka mpaka wa shehia mbili lazima lichague moja au liandikwe mistari miwili, maana programu hairuhusu mahali pamoja kuwa na wakubwa wawili.

Orodha zimechapwa na ziko kwa makatibu wa matawi. Tafadhali fika utazame mstari wako kabla ya uchumaji kuanza, ukiwa na stakabadhi yako ya mwisho. Asiyesoma aje na kijana wake. Ukiona sawa, tia saini. Ukiona kosa, lisahihishwe papo hapo kwa wino mwekundu. Shehia ambayo wanachama wake hawajaitazama orodha yao haitaingizwa.