Mtoto Amepona, Mama Halali

Mtoto wa Geita akizidiwa huweza kupelekwa Bugando, Mwanza, katika chumba cha wagonjwa mahututi. Njia imefupika tangu daraja la Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025. Mtoto arudipo mzima, majirani hushangilia. Lakini mama hukesha akisikiliza pumzi zake, hushtuka kwa kikohozi kidogo, na mlio wa mashine haumtoki masikioni. Baba hunyamaza, akachelewa kurudi nyumbani. Watu husema amekuwa mkali. La, huo si utovu wa shukrani. Mwaka 2012 wataalamu wa afya waliandika kwamba chumba kile huweza kuwaachia jamaa za mgonjwa hofu na huzuni zilizo maradhi kweli, wakayapa jina. Mambo hayo yakipita mwezi mmoja, nendeni kwa daktari, baba na mama pamoja, mkamweleze habari za usiku.