Vitafunio vya mbegu na hedhi

Vitafunio vya mbegu ni madonge madogo ya mbegu za maboga, alizeti, ufuta au karanga, zilizotwangwa na kushikanishwa kwa asali bila kuokwa. Katika mikoa ya Mbeya na Iringa, Tanzania, mazao hayo hupatikana sokoni.

Mbegu hizo zina madini ya chuma, ambayo mwanamke huyapoteza katika damu ya hedhi. Yasiporudishwa kwa chakula, huweza kupatwa na upungufu wa damu. Chai, inayolimwa Mufindi na Rungwe, hupunguza ufyonzaji wa chuma cha mbegu, kumbe mapera na machungwa, yenye vitamini C, huuongeza.

Dai kwamba kubadilisha mbegu kila nusu ya mzunguko hurekebisha homoni halijathibitishwa kisayansi. Anayetokwa na damu nyingi anahitaji kupimwa hospitalini.