Je, Wajua? Okidi za Ufipa, Kutoka Nyasini Hadi Sufuriani

Je, wajua kwamba okidi si ua la kwenye kaunta ya hoteli tu? Uwanda wa Ufipa, kuanzia mbuga za Sumbawanga hadi milima ya Mbizi inayopita mita 2,400, una okidi zinazoota ardhini katikati ya nyasi. Kiangazi hulala chini ya udongo zikiwa viazi vidogo. Mvua zikikolea huchomoza bua lenye maua: meupe, ya waridi, ya zambarau, ya manjano.

Je, wajua kwamba ua la mtufaa ni mwaminifu kuliko okidi? Nyuki akitua kwenye mtufaa hupewa nekta na chavua, akaondoka ameshiba. Lakini takriban theluthi moja ya aina za okidi duniani hazimlipi mdudu chochote. Humvuta kwa rangi, kwa harufu, au kwa kuiga sura ya ua jingine lenye nekta. Mdudu huingia na njaa na kutoka na njaa, ila sasa amebebeshwa mzigo. Nyingi za jamii ya Disa, ambayo ipo Ufipa, hufanya biashara hiyo ya ujanja. Jirani yake Satyrium ana haya kidogo: ua lake lina mirija miwili nyuma, na mara nyingi ndani yake mna nekta kweli.

Je, wajua mzigo wenyewe ni upi? Chavua ya okidi haipeperuki kama unga. Imefungwa vifurushi vyenye gundi, na kifurushi kizima humnata mdudu usoni, machoni au kwenye mrija wa kinywa. Charles Darwin, katika kitabu chake cha okidi cha mwaka 1862, alieleza jaribio la kuchomeka penseli ndani ya ua la okidi ya Uingereza: kifurushi kilitoka kimesimama wima, na baada ya nusu dakika hivi kikajiinamisha mbele. Muda huo unamtosha mdudu kuhamia mmea mwingine, na kwa kuinama vile, kifurushi hugonga pale hasa panapotakiwa. Mimi sijasikia posta iliyopangwa vizuri namna hiyo.

Je, wajua kwa nini baadhi ya okidi ni nyeupe au kijani hafifu, tena hunukia jua likishazama? Zinamsubiri nondo. Okidi wengi wa jamii ya Habenaria wako hivyo, na mrija wao mrefu wa nekta humfaa mwenye mrija mrefu wa kinywa. Nyuki hawezi kuufikia.

Je, wajua kwamba tunda moja la okidi laweza kuwa na maelfu ya mbegu, na jingine hata zaidi ya milioni? Ni vumbi tupu. Mbegu haina akiba ya chakula, hivyo haioti mpaka ikutane na kuvu anayefaa ndani ya udongo, aje ailishe. Ndiyo maana huwezi kuipanda shambani kama ulezi.

Je, wajua kwamba okidi hizi huvuka mpaka? Kaskazini mwa Zambia, hasa kwa Wabemba, viazi vyake hukaushwa, hutwangwa, kisha hupikwa pamoja na karanga zilizosagwa, chumvi, pilipili na magadi mpaka mchanganyiko ushikane na kukatika vipande. Ndiyo chikanda. Kwao zilipopungua, wanunuzi waligeukia Nyanda za Juu Kusini za Tanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walikadiria kuwa mamilioni ya viazi huvuka kila mwaka, pengine kufikia milioni 4, ingawa biashara ya okidi kati ya nchi na nchi inadhibitiwa na mkataba wa CITES. Shida ni kwamba mchimbaji hutaka kiazi kipya, kigumu, ambacho ndicho kingechipua msimu ujao. Cha zamani kimeshanyauka.

Je, wajua kwamba Singapore ilichagua okidi kuwa ua la taifa mwaka 1981, na jimbo la Michigan, Marekani, likachagua ua la mtufaa mwaka 1897? Hapa kwetu Kitulo, inayoitwa Bustani ya Mungu, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2005 hasa kwa sababu ya maua.

Je, wajua kwamba vanila nayo ni okidi? Ua lake hudumu siku moja, na mashambani huchavushwa kwa mkono, kwa mbinu iliyobuniwa na Edmond Albius, mtoto wa miaka 12 aliyekuwa mtumwa kisiwani Réunion, mwaka 1841. Kwa hiyo ukilamba aisikrimu ya vanila halisi pale Sumbawanga mjini, usimcheke mla chikanda wa Lusaka. Wote mnakula okidi. Mwenzako kakuzidi karanga na pilipili tu.