Utangulizi: Matundu ya Ubao wa Nyuma

Ukifika Nungwi, kaskazini mwa Unguja, maji yakiwa yamekupwa, utakuta vyombo vimelala ubavu mchangani na mafundi wamevizunguka. Macho ya mgeni hukimbilia chombo kipya ambacho mataruma yake bado yako wazi. Mimi nakuomba utazame kile kikuukuu, na ukitazame nyuma, pale panapofungwa mashine. Utaona matundu ya boliti za mashine iliyokwisha kuuzwa, ya misumari iliyoliwa na kutu, ya skrubu zilizoshika kifaa cha kupimia kina. Mengine yamezibwa vizuri, mengine yameshindiliwa matambara. Somo la kitabu hiki ni matundu hayo, na karibu sana, msomaji, hata kama hujawahi kushika keekee.

Wataalamu wa vyombo vya pwani yetu wameandika mengi juu ya ujenzi, matanga na safari za misimu ya kaskazi na kusi. Ukarabati wameupa nafasi ndogo mno, na naona hilo ni kosa kubwa. Chombo hujengwa mara moja tu, lakini hutengenezwa maisha yake yote. Anayetaka kujua fundi wa Unguja anafikiri vipi juu ya maji, mbao na chuma, amtazame akiziba tundu.

Wala jambo hili si geni. Kitabu cha safari cha Kigiriki kiitwacho *Periplus*, cha karne ya kwanza, kinataja vyombo vya kushonwa huko Rhapta, kwenye pwani hii yetu. Mrithi mkubwa wa mwisho wa vyombo hivyo alikuwa mtepe, uliotoweka katika karne ya 20. Mbao za mtepe ziliunganishwa kwa kamba za nazi, bila msumari wa chuma, na kila tundu la kamba liligongewa kijiti cha mti ili kamba ikazwe na maji yasipite. Fikiria basi: ubavu mzima wa chombo ni safu za matundu yaliyozibwa, na chombo kinakwenda Pemba, Lamu na mbali zaidi. Kwa miaka kadhaa mfano mkubwa wa mtepe ulikaa ndani ya Beit el-Ajaib, Mji Mkongwe, jengo ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020.

Msumari wa chuma ulileta nguvu na maradhi yake. Chuma kikilowa maji ya chumvi hupata kutu, na kutu hutanuka na kuula ubao ulio karibu nayo, hadi pakatokea duara jeusi na tundu likawa pana kuliko msumari. Ndiyo maana fundi huzungushia pamba iliyolowekwa mafuta chini ya kichwa cha msumari kabla ya kuugongomea. Pamba hiyohiyo ndiyo anayokalafatia baina ya mbao.

Kisha ikaja mashine. Ole Evinrude wa Milwaukee, Marekani, alianza kuuza mashine za kupachika nyuma ya boti mwaka 1909. Leo ni vigumu kutaja bandari ya wavuvi Unguja, kuanzia Malindi hadi Kizimkazi, isiyo na mashine hizo. Zimebadilisha kazi ya ubao wa nyuma. Zamani ubao huo ulifunga chombo na kubeba usukani, sasa unasukumwa. Propela ikisukuma mbele kule chini, sehemu ya chini ya kishikio cha mashine huukandamiza ubao, na boliti za juu huvutwa kwenda nyuma. Kwa hiyo tundu la juu ndilo hulegea kwanza, nalo ndilo linalopokea maji ya mvua. Maji ya mvua huozesha ubao upesi kuliko ya bahari, kwa kuwa chumvi huzuia ukungu unaoozesha na maji matamu huustawisha. Masika moja inatosha kulainisha ubao uliopuuzwa.

Kuziba kwenyewe kunadai subira. Tundu halizibwi likiwa bichi. Huchokonolewa, mbao iliyooza huondolewa mpaka ufikie ngumu, kisha huachwa likauke. Kwa ubao wa mti mtupu, kizibo kizuri ni cha mti wa aina ileile, kimepakwa gundi, na nyuzi zake zimelala sambamba na nyuzi za ubao ili vivimbe na kunywea pamoja. Kijiti kilichogongwa kwa urefu wa nyuzi zake hunyonya maji kwa ncha, na huko ndiko uozo huanzia tena. Vijiti vya kiberiti na gundi vinafaa kushika kitu chepesi nyumbani. Mahali pa mashine sivikubali hata kidogo. Kwa boti la faiba lenye ubao ndani, tundu hupanuliwa, hujazwa epoksi nzito, na likishakauka hutobolewa upya katikati ya epoksi, hivyo skrubu haigusi mbao kabisa.

Ipo njia bora zaidi, ambayo sura ya tatu inaieleza kwa kirefu: kubandika kipande kinene cha ubao nyuma ya chombo mara moja, na kila kifaa kipya kifungwe kwenye kipande hicho. Kifaa kikibadilishwa, matundu yanabaki kwenye kipande, na ubao wa chombo unabaki mzima. Mashine yenyewe hufungwa kwa boliti zinazopita upande wa pili, zikiwa na washa pana kwa ndani, na urefu wa shingo ya mashine ulingane na kimo cha ubao: mashine ya shingo fupi hutaka ubao wa sentimita 38 hivi, ya shingo ndefu 51.

Haya yote huwezi kuyajua kwa kusoma peke yake. Bahari ya Unguja hupanda na kushuka takriban mita 4 wakati wa bamvua, na fundi hupanga kazi yake ndani ya saa chache ambazo chombo kiko pakavu. Basi nenda wakati huo. Salimia kwanza, mwite fundi, usipige picha kabla ya kuomba ruhusa, na uulize juu ya tundu moja tu: nani alilitoboa, kwa ajili ya nini, na limezibwa mara ngapi. Andika majibu kwa maneno yake mwenyewe, maana maneno hayo bado hayajaingia katika kamusi zetu.