Juu ya Nini Wanapima Mukojo wa Kijana Wako?

Mama, tuseme usiku mmoja pale Hewa Bora kijana wako analala, unamwita, haamuki. Jirani moja anasema: «Ni bulozi.» Mwingine: «Ni malaria, ngojea kuche.» Usingoje! Mulalishe kwa ubavu. Usimpe maziwa wala mafuta ya kumutapisha. Umupeleke ku lopitali mbio. Kama umekuta vidonge ao karatasi yake, kuja navyo.

Munganga ataanza kumusaidia apumue vizuri, na atapima damu juu ya malaria na sukari. Anaweza kuomba mukojo pia. Juu ya nini? Kile mutu anachomeza ao kuvuta kinaingia katika damu. Figo zinachuja damu, na masalio yanatoka katika mukojo.

Ku labo wanatia mukojo kidogo kwenye kadi, wanangoja dakika chache. Mistari miwili: dawa ile haikuonekana. Mustari wa alama peke yake: pengine iko. Hata mustari mwembamba sana unahesabiwa kuwa mustari.

Lakini kadi haijui yote:

1. Haisemi kijana alikunywa lini wala kiasi gani. Bangi inaweza kuonekana siku chache. Kwa mutu anayevuta kila siku, hata majuma kadhaa.

2. Kila kadi inatafuta vitu vyake tu. Kadi ya afyuni haioni Tramadol. Hiyo inataka kadi yake.

3. Inaweza kudanganya. Dawa ya kikohozi yenye kodeini inaleta jibu sawa na la afyuni. Kwa hiyo utaje kila dawa aliyokunywa, hata ile uliyonunua mwenyewe ku farmasi.

Ndiyo maana munganga haachi kutafuta malaria na homa ya uti wa mgongo, hata kama kadi imeonyesha kitu. Na jibu la kadi linataka kuhakikishwa kwa kipimo kingine kabla ya kumuhukumu mutu.

Mama wengine wanaficha: «Mi naogopa haya, batatusema mu kartie.» Usifiche. Munganga amefungwa na siri ya kazi yake. Kijana akiamuka, usimpige juu ya mustari moja. Kaa naye, umuulize polepole, na umurudishe kwa munganga.

Na vidonge vya nyumbani, mama, uvifungie juu, mahali watoto hawafiki.