Mende Nyumbani kwa Mjomba

Dumila ni mji wa njia panda. Barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma hukutana hapo na ile ya kuelekea Kilosa, na nyumba nyingi hazikosi mtu aliyekuja kukaa: mpwa anayetafuta kazi ya msimu mashambani, binti anayesoma, pengine familia nzima iliyopoteza nyumba. Mafuriko ya Januari 2014 yaliyoikumba Dumila na Magole yaliwaacha maelfu bila makazi, na panapotokea janga la namna hiyo kimbilio la kwanza ni ndugu. Katika maisha ya kubanana hivyo, mende ni jambo ambalo kila mtu analiona na hakuna anayelisema. Mgeni ananyamaza asije akamwaibisha mwenyeji. Mwenyeji naye ananyamaza akitumaini kwamba mgeni hajaona. Ukimya huo umezaliwa na adabu, lakini ndio unaowaneemesha mende. Mgeni wa muda mrefu ana haki ya kulianzisha suala hili, na kwa maoni yangu ana wajibu pia.

Aibu yenyewe imesimama juu ya dhana isiyo sahihi, kwamba mende ni ushahidi wa uchafu wa mama mwenye nyumba. Wanaotusumbua zaidi ni wa aina mbili, na hakuna hata mmoja anayethibitisha hivyo. Yule mkubwa wa rangi ya kahawia iliyokolea, mwenye urefu wa kama sentimita nne, makazi yake ni vyoo vya shimo, mitaro na mashimo ya maji machafu. Huingia ndani usiku kutafuta chakula, na mvua kubwa inapojaza mashimo hayo huhama kwa wingi. Mdogo, asiyefika sentimita mbili, mwenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa, ni hatari zaidi, kwa kuwa haishi porini wala chooni. Maisha yake yote yamo ndani ya nyumba za watu. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba alitokea kusini mwa Asia miaka ipatayo 2,100 iliyopita, kisha akaenea duniani kwa kufuata misafara na mizigo ya binadamu. Bado husafiri hivyo hivyo, ndani ya maboksi, magunia, redio zilizotumika na mabegi. Katika mji wa mabasi na malori, si ajabu mende wa jikoni kwa mjomba wakawa wametoka kwenye begi la mpwa. Akilitambua hilo, mgeni hawezi kuja na kidole cha lawama.

Wapo watakaosema usafi ungetosha. Usafi unasaidia sana, na ukoko ulioachwa kwenye sufuria usiku ni karamu. Lakini mende mdogo hushiba kwa chembe za unga au tone la mafuta nyuma ya jiko, na anapokosa chakula anaweza kuvumilia wiki kadhaa mradi ana maji. Kwa hiyo karo lenye majimaji, ndoo isiyofunikwa na bomba linalovuja vinamsaidia kuliko makombo. Kisha kuna nyumba yenyewe: ufa ukutani, mwanya kati ya fremu na tofali, kabati la mbao lililoegemezwa pembeni. Kwenye nyumba ya vyumba vya kupanga, mama anaweza kupiga deki asubuhi na jioni huku mende wakizaliana chumba cha jirani. Kumhukumu kwa hilo ni kumwonea.

Sasa tazama mgeni aliyenyamaza anavyofanya. Ananunua kopo la dawa na kupuliza chumbani kwake kwa siri. Nyingi ya dawa hizi zimetengenezwa kwa kuiga sumu ya asili ya ua la pareto, zao linalolimwa Iringa na Mbeya. Ni sumu nzuri, ila mende mdogo ameizoea katika nchi nyingi, na mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani walionyesha kwamba kizazi kinachobaki baada ya kupuliziwa kinaweza kuhimili hata dawa ambazo hakijawahi kukutana nazo. Wasiokufa wanakimbilia chumba cha pili, wanakolala watoto wa mjomba. Mayai nayo yamo ndani ya kifuko kigumu ambacho dawa haipenyi kirahisi. Dumila, penye nyanya na mabomba ya kupulizia, kipo kishawishi kibaya zaidi: kuchukua sumu ya shambani na kuileta jikoni. Hilo lisifanyike kabisa. Sumu hizo zimepimwa kwa ajili ya mimea ya nje, wala hazikukusudiwa chumba wanamolala watu na penye vyombo vya chakula. Dawa ya ndani iwe na lebo inayosema ni ya ndani, na iwe imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu.

Kinachofaa ni chambo cha jeli, na hakifanyi kazi vizuri kwa siri. Matone madogo kama punje ya mtama huwekwa kwenye bawaba za kabati, nyuma ya friji na kwenye nyufa karibu na karo. Mende anakula, anarudi mafichoni na kufa huko, na wachanga wanaokula kinyesi au mzoga wake nao wanakufa. Lakini mtu mwingine akipuliza dawa mahali hapo, mende wanalikwepa tone na fedha imepotea. Ndiyo sababu nyumba nzima lazima ikubaliane: nani anakausha karo usiku, nani anaziba nyufa kwa saruji, nani anafunika pipa la taka, na kwamba hakuna anayepuliza.

Pingamizi zito kuliko yote ni la adabu: mgeni hasemi kasoro za nyumba iliyompokea. Kwa mgeni wa siku mbili nakubali. Lakini wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na aliyepewa jembe amepewa sehemu ya kazi za nyumba, pamoja na hii. Isitoshe, katika mkoa huu Waluguru na Wakaguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, hivyo mpwa kwa mjomba wake si mtu wa kupita. Anaweza kuanza kwa kusema, “Shikamoo mjomba, naona mende wamezidi na huenda wengine nimekuja nao mimi, nimenunua dawa, naomba shangazi anionyeshe pa kuiweka.” Hakuna aliyeaibishwa hapo.

Na asiambiwe kwamba mende hawaumi. Hubeba vijidudu vya maradhi ya tumbo kutoka chooni hadi kwenye chakula, na vumbi la kinyesi na magamba yao huchochea pumu. Utafiti wa mwaka 1997 katika miji ya Marekani uliwakuta watoto wenye mzio wa mende, waliolala vyumba vyenye vumbi hilo kwa wingi, wakilazwa hospitali kwa pumu zaidi ya mara tatu ya wenzao. Anayenyamaza kwa heshima ya wakubwa anawaachia watoto mzigo huo.

Kazi hii haiishi kwa siku moja. Jike la mende mdogo hubeba mayai 30 hadi 40 katika kifuko kimoja, na watoto wake hukomaa baada ya miezi kama miwili. Rudisheni jeli kila inapokauka au kuliwa, kwa miezi mitatu, hata kama baada ya wiki ya pili hamwoni mende tena.