Kunakili chapa za kale kwa wino humfunza mchoraji kutazama

WAPO wanaodhani kuwa kunakili kazi ya mwingine ni uvivu. Hata hivyo, Albrecht Dürer, bingwa wa uchoraji aliyezaliwa Nuremberg, Ujerumani, mwaka wa 1471, alijifunza kwa njia iyo hiyo. Mnamo 1494 alinakili kwa kalamu na wino chapa mbili za Mwitaliano Andrea Mantegna. Nakala hizo zimehifadhiwa katika makumbusho ya Albertina, jijini Vienna.

Kwa nini chapa, wala si picha ya rangi? Chapa za aina hiyo zilichongwa kwenye bamba la shaba au ubao, likatiwa wino mweusi na kugandamizwa kwenye karatasi. Humo kivuli ni mistari tu. Ikisongamana, mahali huwa giza. Ikiachana, mwanga huingia. Ikipinda, paja au shavu huonekana la mviringo. Mwanafunzi aweza kuifuata mmoja mmoja hadi atambue fundi alikusudia nini.

Wino nao haufutiki kwa urahisi. Mwenye penseli hujaribu, akafuta, akajaribu tena; mwenye wino hana budi kutazama kwanza. Ndiposa yafaa kuanza na kipande kidogo, tuseme mkono au mkunjo wa nguo, umbo lake likichorwa kwa penseli hafifu kabla ya vivuli kutiwa kwa wino. Makumbusho ya Metropolitan ya New York huruhusu picha za chapa zake nyingi kuchukuliwa bila malipo katika intaneti.

Dürer mwenyewe hakuwa kasuku. Aliifuata mipaka ya miili ya Mantegna, lakini kwenye vivuli akaiacha mistari iliyonyooka na kutumia yake iliyopinda.

Waliomwiga yeye hawakuwa waangalifu hivyo. Mwaka wa 1515 alitoa chapa ya kifaru wa India ambaye hakuwahi kumwona, akitegemea maelezo na mchoro wa mtu mwingine. Akampachika pembe ndogo ya ziada mabegani! Wachoraji wa Ulaya waliendelea kuinakili pembe hiyo hadi karne ya 18.

Kwa hivyo, ukimaliza kunakili mkono wa Dürer, iweke chapa kando, utazame mkono wako usioshika kalamu, kisha uuchore kwa mistari iyo hiyo.